Neno la Siri Ukutani

Asubuhi dukani kwa Mama huanza kwa kelele. Printa inakohoa, mashine ya nakala inanguruma, na Mama anagombana na zote mbili. Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye kompyuta tatu. Watu huja kuchapa barua, kutafuta kazi mtandaoni na kutoa nakala. Mwanawe mkubwa humsaidia. Mtaani wanamwita Profesa, maana anajua kila kitu isipokuwa wakati wa kunyamaza.

Ukutani Mama alibandika karatasi yenye neno la siri kuu, lile linaloruhusu kuweka programu yoyote kwenye kompyuta. Zamani wateja walikuwa wakimwita kila mara: "Mama, inataka neno la siri!" Akachoka kuacha kazi zake. Akaliandika kwa herufi kubwa ili kila mtu ajihudumie.

Jumatatu moja aliingia Muuguzi. Anafanya kazi wodini, na wakati huohuo anasoma chuo. Ripoti yake ya kumaliza masomo ilikuwa ikichapwa na kutunzwa hapo dukani. Ilitakiwa chuoni Ijumaa. Asipoiwasilisha, anarudia mwaka mzima.

Alibofya faili la ripoti. Halikufunguka. Badala yake kioo kilileta ujumbe mwekundu: mafaili yenu tumeyafunga, lipeni tuyafungue.

"Profesa!" Mama alipaza sauti. "Umefanya nini?"

"Kwa nini kila kitu mimi?"

"Kwa sababu kila kitu ni wewe!"

Profesa alijikuna kisogo. "Jana nilipakua programu ya kuangalia mpira bure, nikaiweka kwa neno la ukutani. Ndogo tu, Mama. Ndogo kweli."

"Ndogo!" Muuguzi alipiga meza. "Nakesha na wagonjwa, nakuja hapa macho yamevimba, kumbe wewe unaiuza ripoti yangu kwa mpira?"

"Dada, samahani..."

"Usiniite dada!"

Fundi wa kompyuta, jirani wa mlango wa pili, alisikia fujo akaja. Ni mwanamke asiyembembeleza mtu. Kabla ya salamu, alikata mtandao kwenye kompyuta zote.

"Hao wezi msiwalipe," alisema. "Mnaweza kulipa na bado wasifungue. Programu hiyo ilibeba virusi. Kompyuta zenu zimeunganishwa, ndiyo maana moja imeziambukiza zote."

"Lakini waliandika kwamba ni salama!" Profesa alijitetea.

"Ulitaka mwizi aandike kwamba yeye ni mwizi?"

"Mwambie huyo!" Mama alidakia. "Kichwa maji!"

Fundi aligeukia ukuta. "Na karatasi hii kaibandika nani?"

Profesa alimnyoshea Mama kidole.

"Mama, nakuheshimu, lakini leo nitakusema. Umemgawia kila mpita njia ufunguo wa nyumba. Kama si Profesa jana, angekuwa mteja kesho."

"Duka langu, jasho langu, halafu unakuja kunifokea?" Mama alikuja juu.

"Nafoka, ndiyo! Huyu mtoto wa watu atarudia mwaka. Tumwambie pole, basi?"

Mama alimtazama Muuguzi, ambaye sasa alikuwa anafuta machozi kwa hasira. Akaibandua karatasi, akaichana vipande vipande.

Bahati ni kwamba sura tatu za kwanza Muuguzi alikuwa amemtumia mwalimu wake kwa barua pepe. Sura ya nne ndiyo iliyopotea. Majibu ya watu aliowahoji alikuwa nayo nyumbani, kwenye karatasi.

"Nitaiandika upya," alisema akisaga meno. "Na huyu Profesa wenu atachapa."

Fundi alifuta kompyuta zote na kuziwekea mfumo mpya. Kisha akatengeneza akaunti mbili katika kila moja. Akaunti ya kawaida ni ya wateja: wanachapa, wanaingia mtandaoni, lakini hawawezi kuweka programu. Akaunti kuu ni ya Mama peke yake, kwa neno jipya la siri.

"Hata wewe, ukichapa barua, tumia ya kawaida," alimwambia. "Kuu ni ya kuweka programu tuliyoikagua, basi."

"Na anayekuja na programu yake kwenye flashi?" aliuliza Mama.

"Swali zuri. Nyingine haziombi ruhusa, ukibofya tu zinaanza. Kwa hiyo nimeiamuru kompyuta iendeshe zile tulizozikubali tu. Na kila jioni, nakilini kazi za watu kwenye diski ya pembeni, halafu muichomoe. Virusi haviwezi kufikia kitu kisichounganishwa."

Alhamisi Muuguzi alikuwa anasoma kwa sauti, Profesa anachapa, vidole vinamuuma. Kwenye kompyuta ya pembeni, kijana mmoja akaanza kufoka.

"Mashine zenu mbovu! Mchezo wangu kwenye flashi unakataa!"

"Haujakataa, umekatazwa," alijibu Profesa bila kugeuka.

"Duka gani hili? Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe ni mimi," Mama alisimama. "Unataka kuchapa, karibu. Unataka mchezo, kacheze kwenu!"

Kijana alichomoa flashi yake, akatoka akibamiza mlango. Printa ikatoa ukurasa wa mwisho wa sura ya nne.

"Mama, umepoteza mteja," alisema Muuguzi.

"Aende! Wewe unasubiri nini hapa? Chukua ripoti yako, kimbia chuoni!"

Muuguzi aliikumbatia ripoti yake, ikiwa bado na joto la printa, akakimbia.