Picha ya Koo la Kibwana

Kila siku Mbeyu akitoka shuleni, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvua sare, kuikunja, na kumpokea mdogo wake kutoka kwa Bibi. Kibwana alikuwa hajatimiza miaka miwili, na mikono yake haikujua kutulia. Akiokota kokoto, mdomoni. Akishika kiatu, mdomoni vilevile. Mbeyu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alikwisha kuzoea kumfuata nyuma akimpokonya vitu.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Fedha mpya zisizo na tundu zilikuwa zimeanza kutumika madukani, na zile senti za zamani zenye tundu katikati zikageuka mapambo. Pale kijijini Gazi watoto wengi walivishwa moja shingoni kwa uzi mweusi. Ya Kibwana aliifunga Bibi Mwanapili mwenyewe, baada ya kuisugua kwa ukwaju mpaka ikang'aa.

"Tazama mume wangu alivyopendeza," alisema, kwa mzaha ule wa mabibi wote wa pwani kwa wajukuu wao wa kiume.

Siku moja mama yao alikwenda Vanga kwenye matanga. Walikula ugali kwa samaki, Bibi akimchambulia mtoto miiba kwa vidole. Mbeyu alipokuwa uani akiosha sahani, alisikia sauti ya kukoroma. Alirudi ndani mbio. Kibwana alikuwa amekaa mkekani, macho yamemtoka, mate yakimchuruzika hadi kifuani.

"Mwiba huo!" Bibi alisema. "Nipe tonge la ugali, upesi!"

Tiba hiyo ilijulikana katika kila nyumba ya Gazi: mwiba ukikwama kooni, humezwa tonge ukashuka. Hata Mbeyu aliwahi kutibiwa hivyo. Bibi alifinyanga tonge akamtia mtoto mdomoni. Kibwana alijaribu kumeza, akashindwa, akalitapika. Pumzi yake ikaanza kutoa mlio mwembamba wa kutisha.

Hapo ndipo Mbeyu alipoona uzi mweusi umekatika na kuning'inia begani. Senti haikuwapo.

"Bibi, senti yake haipo."

"Itakuwa imeanguka. Nipe tonge jingine."

"Lakini Bibi, naona kama ame..."

"Mbeyu! Nimelea watoto saba mimi. Usinirudishie maneno!"

Mbeyu alilelewa akijua kwamba mtoto hambishii mkubwa, na isitoshe alimpenda Bibi yake mno. Lakini aliinua mkeka, akapapasa sakafu, akakung'uta nguo za mtoto. Hakuona kitu. Tonge la pili nalo lilirudi, na safari hii midomo ya Kibwana ikaanza kuwa myeusi. Bibi aliogopa. Alimfunga mtoto kifuani kwa leso akatoka hadi barabarani, Mbeyu nyuma yake. Bahati yao, jirani yao Alfani alikuwa akipita na lori la miwa. Aliwapakia mbele, wala hakusimama tena mpaka mlangoni mwa hospitali.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Sista Jumwa. Aliwapeleka moja kwa moja kwa Daktari Kenga, naye akammulika mtoto kooni kwa tochi.

"Mwiba wa samaki, mwanangu," Bibi alimweleza. "Nimempa matonge mawili, yote yamerudi."

"Kuna mtu aliyemwona akimeza?" daktari aliuliza.

"Hakuna. Lakini ni mwiba tu."

Mbeyu alisimama nyuma ya Bibi. Wakubwa walikuwa wakizungumza. Alimtazama Kibwana akihangaika kuvuta pumzi, akaona kwamba kama atanyamaza, basi huenda asimbebe tena.

"Shikamoo, daktari. Bibi, nisamehe. Uzi wa shingoni umekatika na senti haipo. Nimeitafuta kila mahali."

Bibi aligeuka na kumkazia macho. Daktari alimtazama Mbeyu kama anavyotazamwa mtu mzima.

"Marahaba. Umefanya vyema kusema. Sista, tumpige picha ya eksirei sasa hivi."

Picha ilipokuwa tayari, daktari aliiinua mbele ya taa. Mbeyu alisahau hata hofu yake. Aliziona mbavu za ndugu yake, nyembamba kama chelewa za ufagio. Aliuona uti wa mgongo, pingili juu ya pingili. Na pale kooni palikuwa na duara jeupe lenye tundu katikati. Mtoto huyu aliyemwogesha kila jioni alikuwa na maajabu yote haya ndani yake, na hakuna aliyewahi kuyaona ila Mungu.

"Subhanallah," Bibi alinong'ona. "Daktari, huyu ndiye mume wangu?"

"Ndiye, Bibi. Na hiyo ndiyo senti. Tonge haliwezi kuishusha. Hata mwiba wenyewe, tonge huweza kuuzamisha zaidi. Lingeingia la tatu, lingeweza kumziba pumzi kabisa."

Walimpeleka Kibwana chumba cha ndani. Bibi na Mbeyu waliketi kwenye benchi, wameshikana mikono. Hatimaye Sista Jumwa alitoka akitabasamu. Senti ilikuwa imetolewa kwa koleo refu jembamba.

"Na asivishwe tena kitu kidogo shingoni," alisema.

Kibwana alipoamka kutoka usingizi wa dawa na kupata nguvu, daktari aliruhusu apewe maji. Wote walilikodolea macho koo lile dogo. Maji yalishuka. Wakamwona akimeza tena, na tena, kisha akalilia kikombe kingine. Mbeyu hakuwahi kujua kwamba kumeza maji ni jambo kubwa namna ile.

Bibi Mwanapili alilia waziwazi, akajifuta kwa ncha ya leso.

"Mjukuu wangu," alisema, "nilikufundisha usimrudishie mkubwa neno. Sikukufundisha kwamba kuna siku ni lazima ulirudishe. Leo nakufundisha. Ukiona hatari ambayo mimi siioni, sema. Nikikukemea, sema tena, kwa adabu, mpaka nisikie."

"Hata ukikasirika, Bibi?"

"Hasa nikikasirika," Bibi alijibu, akamvuta karibu.