Tone Kando ya Mshono

Fundi cherehani alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaingia chumbani. Mumewe, mpaka rangi wa majumba, alikuwa ameketi kitandani akimngoja.

"Umechelewa leo, daktari wangu," mume alimtania.

"Daktari gani hana hata koti jeupe? Hebu kaa sawa."

Figo za mpaka rangi zilikuwa zimeshindwa kazi. Hospitalini walimwekea mrija mwembamba tumboni. Kila siku, dawa ya maji kutoka kwenye mfuko laini wa plastiki iliingia tumboni kupitia mrija huo. Ilikaa humo kwa saa kadhaa ikivuta uchafu wa damu, kisha ikatolewa. Muuguzi alimfundisha mke kazi hiyo, naye akaishika vizuri.

Kitu kimoja tu kilimkera. Kila mfuko ulikuja ndani ya mfuko mwingine wa nje, na huo wa nje ulikuwa mgumu kuchana. Vidole vyenye majimaji viliteleza tu. Basi alikuwa akichukua mkasi wake wa kukatia vitambaa. Kra! Kazi imekwisha.

Asubuhi hiyo alifungulia mrija ili maji ya zamani yatoke, yaingie kwenye mfuko mtupu. Akashtuka. Kwa kawaida yalikuwa maangavu, yenye umanjano kidogo. Leo yalikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele.

"Tumbo linaniuma tangu jana," mume alisema polepole. "Sikutaka kukutia wasiwasi."

"Kumbe unanificha! Vaa viatu, baba watoto. Twende."

Wakaondoka na ule mfuko wa maji yenye ukungu. Muuguzi aliuinua kwenye mwanga.

"Mmefanya vyema kuuleta," alisema. "Mkiona ukungu, msingoje kesho, hata kama hakuna maumivu. Ni dalili kwamba vijidudu vimeingia tumboni."

Mpaka rangi alilazwa, akapewa dawa ya kuua vijidudu. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Mkewe alikaa kando ya kitanda. Aliwaza: nimenawa, nimefuata kila kitu, sasa nimekosea wapi?

Homa ilipotulia na mume kurudi nyumbani, jirani yao alikuja kuwapa pole. Mtaani walimwita Dada Mifuko, kwa sababu alifanya kazi kwenye kiwanda cha mifuko ya dawa za maji. Yeye alikuwa miongoni mwa wanaobuni umbo la mifuko hiyo.

"Hebu nioneshe unavyoufungua, shoga," alisema.

Fundi cherehani akanawa, akachukua mkasi, akakata. Dada Mifuko akaupokea. Aliutoa mfuko wa ndani, akaupangusa, akauminya kwa nguvu na kuushikilia hivyo. Kando ya mshono likatokeza tone dogo, kama chozi.

"Mungu wangu!" fundi cherehani alisema. "Huwa naona unyevu, nafikiri ni jasho la mfuko tu."

"Unyevu kidogo juu yake ni kawaida, maana tunaichemsha kwa mvuke ili kuua vijidudu. Lakini ukiuminya ukatoa tone, umetoboka. Mfuko huo haufai tena. Usiutumie, wajulishe hospitali."

Fundi cherehani aliketi chini. "Kwa hiyo ni mimi nilimwumiza."

"Ni mkasi," mume alidakia kutoka kitandani. "Na mimi niliyeficha tumbo. Endelea, Dada Mifuko."

Jirani akauinua mfuko. "Mnaona ulivyo laini? Chupa ngumu ikimwaga maji, lazima hewa iingie ndani. Mfuko huu hunywea wenyewe, hewa haiingii. Na mshono huu hatutumii uzi. Tunaziyeyusha plastiki mbili zishikane ziwe kitu kimoja. Lakini tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha kuharibu yote."

"Sasa mbona wa nje haukubali kuchanika?" fundi cherehani aliuliza. "Mmetuambia tunawe. Mikono mibichi itashika nini?"

Dada Mifuko aliugeuzageuza mfuko wa nje mkononi. "Kiwandani tulijaribu kwa mikono mikavu."

"Basi! Mimi nikitaka kitambaa kichanike, nakitia kikato kidogo pembeni. Kinafuata chenyewe."

"Kikato," jirani alirudia. "Nje ya mshono, pasipogusa dawa. Nitawapelekea wenzangu kiwandani wazo hilo."

Tangu siku hiyo mkasi haukuingia tena chumbani. Fundi cherehani alinawa, akakausha mikono vizuri, akachana kwa vidole. Kila mfuko aliutazama: tarehe yake, uangavu wake, mishono yake. Kisha aliuminya. Ukitoa tone, aliuweka kando.

Haikuwa kazi ya siku moja kule kiwandani. Kikato cha kwanza kilikuwa kirefu mno, mshono ukadhoofika. Kingine kilikuwa kifupi, hakikusaidia. Mwishowe mifuko mipya ikafika hospitalini, ikiwa na kikato pembeni na mshale mdogo wa kuonyesha pa kuanzia.

Siku mifuko hiyo ilipofika nyumbani, mpaka rangi aliomba afungue mwenyewe. Alinawa, akakausha mikono, akachana. Fyuu! Mfuko ukafunguka bila ubishi. Akaminya. Pakavu.

Maji yaliyotoka tumboni yalikuwa maangavu. Dawa mpya ilipokwisha kuingia, alifunga mrija, akavaa shati la kazi na kushika ndoo yake ya rangi.

"Unakwenda wapi?" mkewe aliuliza.

"Kuna ukuta unaningoja."

Dawa ilibaki tumboni ikifanya kazi yake, naye akaenda kufanya yake.