Kofia ya Khamala

Kila Jumamosi asubuhi Jentrix alibeba debe lake akateremka hadi bomba la maji lililo karibu na reli. Foleni ya bomba lile la mtaa wa Sarang'ombe ilikuwa ndefu kuliko mahubiri ya Pasaka, lakini yeye hakuchukia, kwani hapo ndipo alipopiga soga na rafiki yake Seline.

Jumamosi moja debe lilikuwa limefika nusu alipotazama ng'ambo ya reli. Alimwona Mzee Khamala akija polepole, peke yake, kichwa wazi, kofia ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Moyo ukamlipuka paa.

Ilikuwa miaka ya sabini, na simu ilikuwa ya wakubwa. Khamala, aliyeishi kitongoji cha Kongo kule Kawangware, alijuana na madereva wa mabasi ya Bungoma, hivyo habari za nyumbani huko zilimfikia yeye kwanza. Habari za msiba alizileta mwenyewe kwa miguu. Babu alipofariki, Khamala alikuja kofia mkononi. Shangazi alipofariki, vivyo hivyo. Na sasa kukhu, nyanya mzaa mama, alikuwa ameugua kifua tangu mvua za masika.

"Kukhu amekufa," Jentrix alinong'ona.

"Nani amekuambia?" Seline akauliza. "Si umngoje umuulize kwanza?"

"Dalili ya mvua ni mawingu. Yule hana haja ya kuulizwa."

Jentrix alitimua mbio, debe akaliacha pale pale bombani.

Mama yake, Nasipwondi, alikuwa ameketi nje akishona sare za shule. Cherehani ile ndiyo iliyolipa karo na kodi ya nyumba kila baba alipokosa kibarua. Mama aliposikia neno "Khamala" na neno "kofia," hakungoja la tatu. Alivua kitambaa cha kichwa, akaweka mikono utosini, akaangua kilio. Jirani yao Filister alitoka mbio akalia kwa sauti kuliko mfiwa mwenyewe, na kabla hajauliza anamlilia nani, ua ulikuwa umejaa watu. Viti vilitolewa nje, na mtu akawasha moto wa chai.

Lakini kilio hakilipi nauli. Baba alikuwa kazini Thika, kwenye mjengo, hadi mwisho wa mwezi. Mama alifuta macho, akamwita Gerishon, mchuuzi wa vitu vikuukuu aliyekuwa ameitamani cherehani ile siku nyingi.

"Ichukue," akasema. "Siwezi kukosa kumzika mama yangu."

Gerishon alimhesabia pesa, akainama akaibeba. Jentrix aliikodolea macho ikiondoka. Kukhu ameenda, na sasa karo nayo inaenda.

Gerishon alikuwa amefika kwenye lango la ua aliposikia sauti nyembamba ikiuliza, "Nani amekufa hapa?"

Alikuwa kukhu, fimbo mkononi, vumbi la safari miguuni. Nyuma yake alisimama Khamala, kofia bado kifuani. Filister alinyamaza katikati ya kilio, mdomo wazi.

Mama alimwendea polepole, akamgusa shavu, kisha mkono, kama anayepima kitambaa dukani. "Mama, ni wewe?"

"Ni mimi. Kifua kilipona, nikasema nije niwaone, na Khamala akanipokea basi lilipofika. Kila kibanda nilitaka kupumzika, hata Khamala akachoka kuningoja akatangulia. Akarudi kunichukua." Akamgeukia Gerishon. "Na wewe, mashine ya mwanangu unaipeleka wapi?"

Gerishon aliirudisha mahali pake, akapokea pesa zake. Mama alicheka huku machozi yakimtiririka, na ua mzima ukacheka naye. Chai ya matanga ikawa chai ya mgeni.

"Jamani, nipokeeni hii kofia," Khamala akasema. "Kikapu cha mama huyu kilikatika mkono steji ya basi, na mayai yake nimeyabeba humu tangu huko. Hata moja halijavunjika."

Jentrix alitamani ardhi immeze. Kukhu alimvuta karibu.

"Kumbe ni wewe uliyeniua?"

"Nilimwona Mzee Khamala na kofia mkononi, kukhu, nikajua."

"Hukujua, mjukuu wangu. Ulikumbuka. Akili hupenda njia ya mkato. Ikiona jambo linalofanana na la jana, inasema ni lile lile. Mara nyingi inapatia, ndiyo maana tunaiamini. Lakini mawingu ni dalili tu, si mvua yenyewe. Jambo likiwa zito, uliza kwanza ndipo ulie. Na mama yako asikie pia, maana yeye ndiye mkubwa."

Mama aliinamisha kichwa, bado akitabasamu.

"Sasa nenda ukalete maji," kukhu akamwambia Jentrix. "Nimetoka mbali."

Bombani Seline alikuwa bado amelishikilia debe, limejaa pomoni.

"Pole," alisema kwa upole. "Uliuliza?"

"Sikuuliza," Jentrix akajibu, akicheka kwa furaha. "Twende umsalimie. Amekuja na mayai."