Ugonjwa wa Wafalme Waingia Mitunguu

Itangazwe kwa wakazi wote wa Mitunguu, wenye migomba na wasio nayo, kwamba Gatwiri, mwanafunzi mwadilifu wa shule ya bweni, alitumia likizo yake yote kumtunza Runji, kaka ya mama yake, kama mfalme. Kila jioni alimpikia, akamnawisha mikono.

Ukweli ni kwamba alikuwa akilipiza kisasi.

Mjomba Runji alikuwa na bucha sokoni. Muhula uliopita alimchinja Madoa, mbuzi ambaye Gatwiri alimlea kwa chupa, kisha akadai amepotea. Gatwiri alirudi akaikuta ngozi ya Madoa imeanikwa nyuma ya bucha. Hakulia. Alikumbuka kitabu cha maktaba kilichoeleza jongo, maradhi ya viungo ambayo zamani yaliitwa ugonjwa wa wafalme. Matajiri walikula nyama na kunywa mvinyo hadi vidole gumba vya miguu vikavimba. Maskini waliokula nafaka na mboga hawakuugua sana. Naye mjomba alikuwa ameshaonywa na daktari kuhusu kidole chake.

Basi githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ikaenda kwa kuku. Mjomba akaandaliwa maini, figo na supu nzito. Kwao maini ni ya mtu wa heshima, na mjomba alifurahia heshima hiyo hata akasahau onyo.

"Ongeza, mjomba," Gatwiri alimwambia kwa upole. "Wewe si wa kula mboga kama sisi."

Wiki ya tatu kidole kilivimba kama nyanya. Shuka ilipokigusa tu, mjomba alilia. Gatwiri alikuwa amejiandaa kucheka, lakini kicheko hakikuja.

Zahanatini daktari aliuliza nani humpikia mgonjwa. Mama yake Gatwiri, Cicily, aliwakumbuka kuku walivyonenepa, akamgeukia binti yake, naye akakiri, akamtaja Madoa.

Mjomba alipona kwa dawa na mboga. Aliomba radhi kwa ajili ya Madoa, akamletea Gatwiri mwanambuzi.

"Alikukosea, ungeniambia," Mama alisema. "Anayekula chakula chako amekuamini. Ukiigeuza imani hiyo kuwa silaha, kosa lako linapita lake. Sasa andika ulichofanya, chote."

Nimeandika. Mama amesoma hadi hapa, akanirudishia daftari, akauliza huyu Gatwiri anayesimuliwa kama mtoto wa jirani ni nani.

Ni mimi, Mama. Na siku kidole kilipoanza kuuma, niliona. Jioni hiyo niliongeza figo.