Mgeni wa Tisa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Kigonsera Mwalimu Emerensiana alipotoka kwenda kumchukua mwanawe. Glorious, wa miaka mitano, alikuwa ameshinda kwa jirani, Kunigunda. Tangu wahamie huku kutoka Singida, Emerensiana hakuwa na ndugu mwingine wa karibu. Alikuwa na Glorious tu.

Kwa Kunigunda palikuwa na novena, sala za siku tisa za kumwombea baba yake, marehemu mzee Nazari. Siku ya tisa, ya mwisho.

"Afadhali umefika, Mwalimu," Kunigunda alinong'ona, akamkabidhi sinia. "Nisaidie kugawa chai."

"Mko wangapi, dada?"

"We gawa tu mpaka vikombe viishe. Huku kwetu watu hawahesabiwi."

Hebu mwambie mwalimu wa hesabu asihesabu! Ni sawa na kumwambia mbuzi asiguse majani ya mhogo. Alianza kugawa, na moyoni akawa anahesabu kila anayepokea. Mmoja... wawili... Glorious alikuwa wa nane, na vikombe vikaisha.

Na pale mlangoni... wa tisa.

Mzee. Amevaa koti refu, kichwa amekiinamisha.

"Shikamoo, babu. Samahani, chai imeisha."

"Marahaba."

Koti lilinuka udongo. Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa juzijuzi.

"Ni wewe tu uliyenihesabu," mzee alinong'ona. "Haya, Mwalimu. Tano ujumlishe tisa?"

"Kumi na nne," alijibu, kwa mazoea tu.

"Sasa tarakimu zake: moja na nne?"

"Tano."

"Sita ujumlishe tisa?"

Kumi na tano. Moja na tano... sita. Emerensiana alirudi nyuma hatua moja.

"Umeona? Nikiingia mimi, wa tisa, jibu linarudi palepale. Hakuna anayejua kama nimeingia." Akamgeukia Glorious, akamtazama kwa muda mrefu. "Sasa nizidishe."

Emerensiana alimsogelea mtoto. Lakini kichwa cha mwalimu hakina breki. Mbili mara tisa, kumi na nane. Moja na nane, tisa. Tatu mara tisa, ishirini na saba. Mbili na saba...

Tisa.

Kila anayezidishwa naye anageuka kuwa yeye.

Alimkwapua mtoto, akatoka. Kunigunda alimfuata mpaka uani.

"Mwalimu, kuna nini? Umehesabu?"

"Kuna mzee pale mlangoni. Ananiuliza hesabu..."

Kunigunda alifanya ishara ya msalaba. "Mlangoni hakuna mtu," alisema. "Baba alifundisha hesabu maisha yake yote. Siku zake za mwisho alikuwa akilia kwamba humu ndani hakuna anayemhesabu tena. Tukamcheka, Mwalimu. Tulisema ni uzee."

Emerensiana hakungoja zaidi. Alimbeba Glorious, akakimbia kati ya mibuni bila kugeuka nyuma.

Hayo tisa, kumi ni ya nyumbani. Alifunga mlango kwa komeo, akasukumia na meza. Akatandika mkeka, akaleta ugali na dagaa wa usipa. Akajiona mjinga. Akaangaza macho chumba kizima, akahesabu. Mmoja, wawili. Akarudia kuanzia kwa mtoto. Mmoja, wawili. Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Halafu kile kichwa chake kikaendelea chenyewe.

Mbili ujumlishe tisa, kumi na moja.

Moja na moja...

Mbili.

Hesabu ilikuwa sahihi. Ingekuwa sahihi vilevile hata kama yule mzee yumo. Angeweza kuhesabu mpaka kuche na isingemsaidia kitu.

Harufu ya udongo mbichi ilipita juu ya ugali.

"Mama," alisema Glorious, akisogea pembeni mwa mkeka kumpisha mtu, "mwekee na babu."