Sabuni Katika Siki

Jumatatu, tarehe 9 Septemba. Manyunyu yalikuwa yakianguka katika mji wa Guimbal tangu alfajiri. Kama kila siku kabla ya shule, Rosenda alipanga chupa za siki ya pilipili katika mgahawa wa mama yake, moja kwa kila meza. Siki hiyo ni ya wote: mtu hujimiminia juu ya samaki, kisha humwachia mwenzake.

Siku hiyo aliongeza kitu. Dada Pilar, mpishi, alikuwa amemwita mvivu mbele ya wenzake. Ili naye agombezwe, Rosenda alitia sabuni ya vyombo katika chupa moja.

Muda si mrefu Mzee Abundio, dereva wa bajaji, alitapika mpaka akabebwa kupelekwa zahanati.

"Siki ina sabuni," mteja mmoja alisema, akinusa. Vijiko vikawekwa chini.

"Anayeitengeneza si Pilar? Jana nilimwona katika mgahawa pinzani, ng'ambo ya barabara," mwingine alidakia.

"Nilikwenda kuazima sufuria," Dada Pilar alijibu.

"Sufuria, eti. Iko wapi?"

Hata mama alimtazama kwa jicho la pembeni. Rosenda aliona kana kwamba kila mtu anamchungulia yeye.

Saa nne walikusanyika ofisi ya mtaa, Rosenda naye akiwa hajaenda shule. Polisi wawili walisimama mlangoni.

"Pilar," alisema mwenyekiti, Mama Ligaya, "hili si la kusuluhisha hapa. Utaondoka na hawa."

Dada Pilar alifunga kitambaa chake, akamgeukia Rosenda. "Umekula, mwanangu?"

Rosenda alitikisa kichwa. Kisha akasema, "Ni mimi."

"Usimkingie kifua," mama alisema.

"Simkingii, Mama. Ni ile sabuni ya kijani ya kwenye karo. Nilitaka agombezwe."

Mama alijishika kichwa. Mama Ligaya alimgeukia Rosenda.

"Mzee ametulia, tumshukuru Mungu," alisema. "Lakini sikiliza. Kuchezea chakula kinachouzwa kwa watu ni jinai, hata ukiita mzaha. Ulimlenga Pilar, akaumia Abundio. Angeweza kuwa mtoto mdogo. Mtu mzima angelala rumande leo. Wewe una miaka kumi na miwili, hutafungwa, ila utajibu kwa uliowakosea. Utafanya nini?"

Rosenda alisimama mbele ya mama yake, majirani na polisi.

"Nitamwomba Mzee Abundio radhi leo hii. Na kesho nitasimama mlangoni mwa mgahawa, kila anayeingia nimwambie ni mimi, si Dada Pilar, mpaka mtaa mzima usikie. Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu."