Sifuri ya Faith

Jua lilikuwa linazama Manyoni, na Eliana alikuwa amebakiza kazi moja tu: kutuma Dar faili la uzito wa watoto wa kliniki. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, miradi ikimiminika, kila mradi na kompyuta yake. Mtaalamu wa kompyuta wa mradi alikuwa ameagiza: wastani wa mtoto ambaye hajapimwa hata mara moja ukigoma, sifuri ikigawanywa kwa sifuri, kompyuta itasema jibu si namba. Faili la maandishi halipokei jibu hilo. Andika null, maana yake hapana kitu.

Watoto wote wa namna hiyo aliwaandikia null. Mmoja tu alimwandikia 0.

Faith. Mwanawe wa kumzaa.

Alisajiliwa kliniki, akafa kabla ya kupimwa hata mara moja. Kwao mtoto mchanga ambaye hajatolewa nje kwa mila hawekewi matanga. Wanawake walimzika kimya, Eliana akaambiwa ameze machozi. Akameza. Lakini hapana kitu? Mtoto aliyemnyonyesha? Moyo ulikataa katakata. Sifuri angalau ni namba. Mwenye sifuri amepimwa.

Kriii...

Chumba cha pili, mizani ya kuning'inia ilikuwa inayumba. Upepo haukuwepo. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikamjia puani.

Kriii... kriii...

Mama Dorkas, mfagiaji, alikuwa amesimama mlangoni, ufagio mkononi.

"Shikamoo, mama," Eliana alinong'ona.

"Marahaba. Mwanangu... umempima nani?"

Mfuko wa mizani ulikuwa umetuna. Mshale ulisimama kwenye sifuri. Eliana akaenda, akaupakata mfuko. Haukuwa na uzito hata wa unyoya, lakini ulikuwa na joto, na ndani yake kitu kikatafuta titi.

"Ana njaa, mama."

"Na hatashiba. Umemwita kupimwa, anangoja aongezeke. Mwache aende."

Eliana alimpenda mno, hakuweza kumwacha na njaa. Akarudi kwenye kompyuta, akafuta 0. Akaandika null.

Mizani ikatulia, mfuko ukanywea.

Hapo ndipo kilio cha matanga kilipomtoka, chote alichokuwa amekimeza, na Mama Dorkas akaketi sakafuni akalia naye.

Faili lilipokelewa bila kasoro. Ila Eliana alipofika nyumbani, blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani, naye alikuwa amekaukiwa tangu masika, Faith alipozikwa.